Tom Tykwer, Mwongozaji Asiyefanya Kazi Peke Yake

Ukitaja jina la Tom Tykwer mbele ya wapenzi wa sinema, wengi watakujibu kwa filamu moja: ile ya msichana mwenye nywele nyekundu anayekimbia katika mitaa ya Berlin kumwokoa mpenzi wake. Filamu hiyo, Lola rennt ya mwaka 1998, ndiyo iliyomjengea jina, na tangu hapo kila anachokifanya hulinganishwa na mbio zile. Naona tumekuwa tukimpima kwa kipimo kisichomfaa. Ukifuata kazi zake za zaidi ya miaka 30, kuanzia filamu fupi hadi tamthilia ya Babylon Berlin, kuanzia Wuppertal alikozaliwa hadi Kibera alikofika baadaye, utaona kwamba kipaji chake kikubwa ni kuwakusanya watu, kukaa nao muda mrefu na kujua pa kupata fedha za kuwawezesha. Filamu zake bora zimetoka humo, na baadhi ya filamu bora za Kenya pia.

Tykwer alizaliwa mwaka 1965. Wuppertal ni mji wa viwanda magharibi mwa Ujerumani, unaojulikana kwa treni yake inayoning'inia juu ya mto. Akiwa na miaka 11 alikuwa ameshashika kamera ya Super 8. Alipofikia umri wa kwenda chuo aliomba nafasi katika vyuo vya filamu, akakataliwa. Akahamia Berlin, akafanya kazi ya kuendesha projekta, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa mpangaji wa filamu za kuonyeshwa katika jumba la Moviemento, mtaa wa Kreuzberg. Naiona miaka hiyo kuwa ndiyo chuo chake halisi. Anayesomea filamu darasani huitazama skrini. Anayekaa katika chumba cha projekta huitazama skrini pamoja na watu walioilipia. Anajua ni dakika ipi wanaanza kujigeuza vitini na ni ipi inawanyamazisha wote. Hofu ya kumchosha mtazamaji haijamtoka Tykwer hata pale alipotengeneza filamu ya karibu saa tatu.

Aliyemsukuma kutoka chumba cha projekta ni mwongozaji Rosa von Praunheim, aliyemshauri aache kutafuta hadithi mbali na aufanye filamu ugomvi wake mwenyewe na mpenzi wake. Ikatoka Because mwaka 1990, kisha Epilog mwaka 1992. Hii ya pili ilimwachia madeni, lakini ilimfundisha ufundi ambao vyuo vilimnyima.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la Ujerumani, maana bila hilo kazi ya Tykwer haieleweki. Kila kaya nchini humo hulipa ada ya utangazaji wa umma, ambayo tangu mwaka 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi, iwe ina televisheni au haina. Fedha hizo huendesha mashirika ya ARD na ZDF pamoja na redio za umma. Mwaka 1974 mashirika hayo yalitiliana saini na mfuko wa taifa wa filamu makubaliano ambayo yamebadili historia ya sinema ya Ujerumani: televisheni itachangia gharama za filamu zinazokusudiwa majumba ya sinema, filamu itaonyeshwa kwanza huko, na baada ya muda fulani itarushwa hewani. Kizazi kizima kilikulia katika mpango huo. Rainer Werner Fassbinder alitumia fedha za televisheni kutengeneza Berlin Alexanderplatz, kazi ya sehemu 14 iliyoanza kurushwa mwaka 1980. Wolfgang Petersen aliongoza sehemu za Tatort, tamthilia ya upelelezi ya Jumapili usiku, kabla ya Das Boot, ambayo ilikwenda majumba ya sinema mwaka 1981 na baadaye ikarudi nyumbani kwa watu ikiwa tamthilia. Kwa hiyo ukisikia Mjerumani akiitwa mwongozaji wa filamu na televisheni, usidhani ana kazi mbili. Ni kazi moja yenye milango miwili.

Tykwer aliingia kwa mlango huo huo. Filamu yake ndefu ya kwanza, Die tödliche Maria ya mwaka 1993, ilipata msaada wa kitengo cha ZDF kinachowapa nafasi waongozaji wachanga. Ni hadithi nzito ya mwanamke aliyefungwa ndani ya nyumba na maisha ya kumhudumia mume asiyemjali na baba asiyejiweza. Wachache waliiona. Lakini ukiitazama leo utakutana na sura utakazoziona tena: Nina Petri, aliyeigiza kama Maria, na Joachim Król, jirani yake. Miaka mitano baadaye Tykwer aliwaita wote wawili katika Lola rennt, mmoja akiwa kimada wa baba yake Lola, mwingine akiwa maskini asiye na makazi aliyeokota mfuko wa fedha. Nyuma ya kamera, filamu zote mbili, alikuwapo mtu yuleyule: mpigapicha Frank Griebe.

Mwaka 1994 Tykwer, waongozaji wenzake Wolfgang Becker na Dani Levy, na mtayarishaji Stefan Arndt walianzisha kampuni ya X Filme Creative Pool mjini Berlin. Wazo lilikuwa kwamba waongozaji wamiliki kampuni yao wenyewe, wasomeane miswada, wakosoane bila kuoneana haya, na faida ya filamu ya mmoja isaidie ya mwenzake. Wengi huanzisha kampuni za namna hiyo na huvunjika mara tu mmoja wao anapopata umaarufu. Hii haikuvunjika. Lola rennt iliipatia fedha na jina, na mwaka 2003 Becker akatoa Good Bye, Lenin!, iliyopendwa duniani kote. Miaka 23 baada ya kuanzishwa, kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa Babylon Berlin. Filamu ndefu ya pili ya Tykwer, Winterschläfer ya mwaka 1997, ilipigwa katika theluji ya milima ya Berchtesgaden; ni nzuri kwa macho, ni nzito kwa mwendo, na sina mengi ya kuisema zaidi ya kwamba baada yake Tykwer alihitaji kukimbia.

Akakimbia kweli. Lola ana dakika 20 za kupata Mark 100,000, la sivyo mpenzi wake Manni, aliyesahau mfuko wa fedha za wahalifu ndani ya treni, atauawa au ataingia dukani na bastola. Tunaziona mbio hizo mara tatu. Mara ya kwanza Lola anauawa, mara ya pili anakufa Manni, mara ya tatu wote wanapona na fedha zinabaki. Filamu nzima ni kama dakika 80. Iliigharimu X Filme fedha kidogo kwa kiwango cha Ulaya, na miongoni mwa waliochangia ni shirika la utangazaji la WDR na kituo cha Arte. Ujerumani peke yake iliuza tiketi zaidi ya milioni 2, na mwaka 1999 ilishinda tuzo ya watazamaji huko Sundance, Marekani.

Wengi waliisifu kwa kasi. Mimi nimekuwa nikiitazama kwa sababu ya mpangilio wake, maana filamu hii imepangwa kwa umakini kuliko inavyojionyesha. Chukua yule mama anayesukuma kigari cha mtoto. Lola anapompita, picha za mnato zinatuonyesha kwa sekunde chache maisha yake yajayo: katika mbio za kwanza ananyang'anywa mtoto na kuishia kuiba wa mwingine, katika za pili anashinda bahati nasibu, katika za tatu anakuwa mtu wa dini. Kilichobadilika ni jinsi tu Lola alivyopishana naye njiani. Kisha tazama jambo la bastola. Katika mbio za kwanza Manni anamwonyesha Lola jinsi ya kuondoa kizuizi cha usalama. Katika mbio za pili, ambazo kwa mantiki Lola hapaswi kukumbuka chochote, anakiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Hakuna anayelisema hilo. Filamu inaamini kwamba utaliona. Na kuna siri ya tatu iliyo katika picha zenyewe: matukio yenye Lola au Manni yamepigwa kwa filamu ya milimita 35, lakini wasipokuwepo, kama baba yake Lola na kimada wake wanapobishana ofisini benki, picha ni ya video, imefifia na ina chengachenga. Dunia ya watu wazima imepewa kamera ya bei rahisi. Mtazamaji hajui kwa nini haipendi ofisi ile, lakini haipendi.

Kazi hiyo ni ya mikono mingi. Mhariri ni Mathilde Bonnefoy, ambaye miaka mingi baadaye alipata Oscar kwa filamu ya habari Citizenfour. Muziki ni wa Tykwer mwenyewe na wenzake Johnny Klimek na Reinhold Heil. Watatu hao waliendelea kutunga pamoja kwa miaka mingi, na mara nyingi Tykwer huutunga muziki kabla ya kupiga picha. Waongozaji wengi humwita mtunzi filamu ikiwa imekwisha, wakamwomba afunike nyufa. Kwa Tykwer muziki upo tangu mswada unapoandikwa, na waigizaji huweza kuusikia kabla ya kusimama mbele ya kamera. Ndiyo maana hata katika filamu zake dhaifu mwendo wa watu na mwendo wa ngoma haugombani.

Filamu ninayoipenda kuliko zote zake ilifuata mwaka 2000, nayo imezungumzwa kidogo mno: Der Krieger und die Kaiserin. Alirudi Wuppertal kuitengeneza, treni ya kuning'inia ikiwemo. Franka Potente, aliyekuwa Lola, safari hii ni Sissi, muuguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, mpole, wa polepole. Anagongwa na lori. Amelala chini ya lori hilo, koo limeziba, hawezi kupumua, na juu yake watu wanapiga kelele. Bodo, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akiwakimbia watu aliowaibia, anatambaa hadi alipo, anamkata kooni na kuchomeka mrija wa kunywea ili hewa ipite. Tykwer hatuharakishi. Tunabaki chini ya lori pamoja nao, tunasikia pumzi ikipita kwenye mrija, tunaona jicho la Sissi likimtazama mtu asiyemjua. Mwongozaji aliyepachikwa jina la bingwa wa kasi alithibitisha hapo kwamba anajua pia kusubiri. Sijui tukio lingine la miaka ile, katika sinema ya Ulaya, ambalo mapenzi huanza kwa namna ya kutisha na ya kuaminika kiasi hicho.

Kisha dunia ikamwita. Heaven ya mwaka 2002, aliyoitengeneza Italia na Cate Blanchett, ilitokana na mswada wa Krzysztof Kieślowski na mwenzake Krzysztof Piesiewicz. Ni kazi ya heshima kwa marehemu bwana mkubwa wa Poland, na heshima hiyo inaonekana kumfunga mikono. Das Parfum ya mwaka 2006 ilikuwa na bajeti ya euro milioni 50 hivi na mtayarishaji mwenye sauti kubwa kuliko wote Ujerumani, Bernd Eichinger. Kitabu cha Patrick Süskind kilikuwa kimesemwa hakiwezi kuwa filamu, kwa kuwa shujaa wake anaishi kwa pua. Tykwer alijibu kwa picha za karibu mno, za ngozi, samaki, matope na maua, na muziki uliopigwa na Berlin Philharmonic chini ya Simon Rattle. Zaidi ya watu milioni 5 waliitazama Ujerumani. Wahakiki wengi waliikejeli, nadhani walimkosea.

The International ya mwaka 2009 sina haja ya kuitetea. Ni filamu ya benki inayofadhili vita, yenye tukio moja la kukumbukwa: mapambano ya risasi ndani ya jumba la makumbusho la Guggenheim la New York, ambalo ukumbi wake ulijengwa upya ndani ya karakana ya zamani ya vichwa vya treni Ujerumani ili utobolewe kwa risasi. Dakika hizo chache zina uhai kuliko zote zilizobaki. A Hologram for the King ya mwaka 2016, ya Tom Hanks akiuza teknolojia Saudi Arabia, ni filamu ya adabu inayosahaulika.

Cloud Atlas ya mwaka 2012 ni jambo jingine. Hadithi sita za nyakati sita, kutoka karne ya 19 hadi siku za mbali zijazo, zaidi ya dola milioni 100 zilizokusanywa nje ya studio kubwa za Hollywood, na waongozaji watatu: Tykwer pamoja na Lana na Lilly Wachowski. Waligawana hadithi, Tykwer akachukua zile za miaka ya 1936, 1973 na 2012, kila upande ukiwa na kikosi chake. Kuna mambo yasiyosimama, hasa waigizaji kubadilishwa rangi kwa vipodozi, jambo lililolaumiwa na lilistahili lawama. Lakini kama zoezi la watu watatu kuongoza filamu moja bila mshono kuonekana, sikuwahi kuona linalofanana nalo. Zoezi hilo ndilo lililomfundisha jinsi ya kutengeneza Babylon Berlin.

Tamthilia hiyo imetokana na riwaya za Volker Kutscher kuhusu mpelelezi Gereon Rath, aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa anatetemeka mwili, na Charlotte Ritter, msichana wa mtaa wa maskini anayetaka kuwa askari wa upelelezi. Mwaka ni 1929. Jamhuri ya Weimar bado iko hai, lakini wanaotaka kuiua wameshakaa ndani ya polisi, jeshi na viwanda. Misimu miwili ya kwanza, sehemu 16, iligharimu karibu euro milioni 40, kiasi ambacho hakuna kituo kimoja cha Ujerumani kingekitoa. Ndipo ulipofanyika muungano ambao wengi waliudhani hauwezekani: ARD, shirika la umma, na Sky, kituo cha kulipia, wakaweka fedha pamoja. Watazamaji wa Sky waliiona kuanzia Oktoba 2017. Wa ARD wakasubiri karibu mwaka mzima, na usiku wa kwanza wakawa zaidi ya milioni 7. Kwa wakubwa wa ARD, kukubali kuwa wa pili katika kazi waliyoilipia haikuwa rahisi. Walikubali, na tamthilia ikauzwa katika nchi zaidi ya 100.

Tykwer, Achim von Borries na Henk Handloegten waliandika pamoja na kuongoza pamoja. Kawaida ya tamthilia ni kugawana sehemu: huyu aongoze ya kwanza na ya pili, yule ya tatu na ya nne. Wao waligawana mahali na matukio. Kila mmoja alipiga vipande vyake vya sehemu zote, kisha vipande vikaunganishwa mezani. Ndiyo sababu hutaweza kusema hii ni ya Tykwer na hii ya von Borries.

Mwisho wa sehemu ya pili nimeurudia mara nyingi nikiwafundisha vijana uhariri. Katika ukumbi wa Moka Efti, ambao ndani yake ni jumba la kale la sinema isiyo na sauti huko Weißensee, mwimbaji mwanamke amevaa koti refu la kiume, kofia ya juu na masharubu. Umati mzima unacheza hatua zilezile kwa pamoja, kama jeshi lenye furaha. Wimbo ni wa majivu na vumbi, na Tykwer ni mmoja wa watunzi wake. Wakati huohuo, upande mwingine wa mji, wanamapinduzi wa Kirusi waliojificha katika kiwanda cha uchapaji wanamiminiwa risasi. Hakuna anayesema kitu. Ngoma inaendelea, watu wanacheza, watu wanakufa, na mtazamaji anaelewa Berlin ya mwaka 1929 kuliko mhadhara wowote ungemwelewesha. Hapo ndipo unapoona faida ya mwongozaji anayetunga muziki wake mwenyewe: mkato wa picha umefuata pigo la ngoma kwa sababu pigo lilitangulia.

Sky ilijitoa baadaye, ilipoacha kutengeneza tamthilia zake Ujerumani, na msimu wa tano, ambao ndio wa mwisho, ukabaki mikononi mwa ARD. Aliyetufungulia mlango kwa kelele nyingi aliondoka. Shirika la ada ya kaya likabaki kumalizia hadithi ya jinsi jamhuri ilivyokufa. Kwa wanaodai kwamba utangazaji wa umma umepitwa na wakati, huo ni ushahidi wa kuutafakari.

Sasa nije nyumbani, ambako Tykwer amefanya kazi isiyokuwa na jina lake kwenye kiti cha mwongozaji. Mwaka 2008 yeye na mkewe, Marie Steinmann, walianzisha shirika la One Fine Day, lililoanza kwa kuwafundisha sanaa watoto wa Kibera, Nairobi, kwa kushirikiana na Anno's Africa. Hapo likazaliwa wazo la filamu. Walishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi, na baadaye DW Akademie ikaingia kuendesha warsha. Utaratibu ulikuwa huu: vijana kutoka Kenya na nchi jirani wanachaguliwa, wanafundishwa kila mmoja fani yake, uongozaji, upigaji picha, uhariri, sauti, mapambo ya seti, kisha baada ya mafunzo wanaingia kazini kutengeneza filamu ndefu. Mwongozaji ni Mkenya, hadithi ni ya Kenya, na mabingwa wa kigeni wanakaa pembeni kama washauri.

Ya kwanza ilikuwa Soul Boy, ya Hawa Essuman, kwa mswada wa Billy Kahora. Kijana Abila wa Kibera anaamka na kukuta baba yake amepoteza roho, na inambidi atimize kazi saba ili aikomboe. Si ndefu sana, ni ya Kiswahili, na mwaka 2010 ilipendwa na watazamaji wa tamasha la Rotterdam. Ikafuata Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga mwaka 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kugombea Oscar. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora Durban. Tazama inavyoanza: Mwas anauza filamu za mapigano kijijini, na ili auze anaigiza kila tukio mwenyewe, risasi, mateke na vifo, mbele ya wateja wake. Katika dakika hizo chache umeshajua ana kipaji, ana njaa, na ndoto yake yote ameikopa kwa watu wasiomjua. Anaingia Nairobi, anaibiwa kila kitu, analala mahabusu, na huko anampata Oti, mkuu wa genge atakayekuwa rafiki yake. Sheng inayozungumzwa humo ni ya mtaani kweli, haijatafsiriwa wala kusafishwa.

Zilifuata Something Necessary ya Judy Kibinge, kuhusu majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Veve ya Simon Mukali, kuhusu biashara ya miraa. Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotunukiwa na wahakiki wa kimataifa huko Toronto mwaka 2016. Na Supa Modo ya Likarion Wainaina mwaka 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea filamu mtoto anayekaribia kufa ili naye awe shujaa kabla hajaondoka. Hawa hawakuwa watu waliosubiri Mjerumani awafumbue macho. Kibinge alikuwa ameshatengeneza Dangerous Affair mwaka 2002, na ndiye aliyeanzisha Docubox, mfuko wa filamu za habari wa Afrika Mashariki. Masya alikuwa mwanachama wa Just a Band. Walichokosa ni kikosi kilichozoeana na bajeti isiyowalazimisha kukatiza filamu katikati. Warsha iliwapa vyote viwili.

Ukitaka kuona tofauti, linganisha na Sense8, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2015 ambayo Tykwer aliwaongozea akina Wachowski matukio ya Nairobi. Capheus, dereva wa matatu iliyopakwa jina la Van Damn, anapendeza. Lakini Aml Ameen ni mwigizaji wa London, Kiingereza chake cha Nairobi ni cha kujifunza, na kila nikimsikia namkumbuka Mwas. Mwongozaji ni yuleyule aliyeisimamia Nairobi Half Life, mji ni uleule, lakini pale ambapo neno la mwisho lilikuwa la Gitonga mji ulisema kwa sauti yake.

Kenya ilimrudia Tykwer hata katika filamu yake mpya. Das Licht, iliyofungua tamasha la Berlinale mwezi Februari 2025 ikiwa filamu yake ya kwanza ya sinema baada ya miaka tisa, inahusu familia ya Berlin iliyochoka, ambayo mama yake huenda na kurudi Nairobi kwa mradi wa sanaa unaofadhiliwa na Ujerumani, na mtumishi wao mpya wa nyumbani ni Farrah, mwanamke aliyetoka Syria. Ni ndefu, ina nyimbo na mvua isiyokatika, na haikumridhisha kila mtu. Kilichonigusa ni kwamba mtu aliyefanya mradi wa namna hiyo kwa miaka mingi ameuweka mbele ya kamera na kuuliza maswali magumu: nani anasaidiwa, na nani anaachwa nyumbani akisubiri.

Swali hilo ni letu pia. Filamu nilizozitaja, ambazo ni fahari ya Kenya, zilitegemea kwa sehemu kubwa fedha za Ujerumani, na fedha za mtu mwingine zina siku ya kukoma. Vipaji vipo, vikosi vipo, kazi zao zimeonekana Toronto, Rotterdam, Durban na Berlin. Nawaomba wanaosimamia mashirika ya utangazaji ya umma hapa kwetu, na wabunge wanaopitisha bajeti zao, waanze na filamu moja ndefu kwa mwaka: mswada uchaguliwe kwa ushindani, shirika lichangie gharama, filamu ionyeshwe kwanza katika majumba ya sinema, kisha irushwe hewani bure. Wajerumani walianza hivyo mwaka 1974.